Dawa za Matone za Viroboto kwa Paka: Namna ya Kuchagua na Kuzitumia Mpaka Viroboto Waishe

Swali ninaloulizwa kila mvua zikianza hapa Mwanza ni lile lile: "Nimemwekea paka dawa, wiki mbili tu viroboto wamejaa tena. Sasa ninunue ipi?" Anayeuliza huwa ameshabadilisha dawa mara mbili tatu, na kila mara ameambiwa dukani kwamba hii mpya ndiyo kiboko yao. Kumbe mara nyingi paka alipewa kipimo kisicho cha uzito wake, au dawa iliishia kwenye manyoya bila kugusa ngozi, au nyumba iliachwa vilevile. Wapo pia waliotumia dawa ya mbwa au ya ng'ombe na paka akafa kabla hakujakucha. Hao ndio walionifanya niandike.

Kabla ya yote, shika hili. Viroboto wazima unaowaona kwa paka ni sehemu ndogo tu ya walio nyumbani, hukadiriwa 5 katika kila 100. Waliobaki ni mayai, mabuu na vifuko (ambamo mabuu hugeuka kuwa viroboto wazima) vilivyojificha sakafuni, kwenye mkeka, kwenye kochi na kwenye mchanga wa uani. Jike mmoja akishashiba damu anaweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku, na mayai hayo huanguka popote paka anapolala. Kwa hiyo dawa nzuri ya matone, yaani ya kudondoshea kwenye ngozi nyuma ya shingo, ni ile inayomfaa paka wako na ambayo utamudu kuirudia kwa wakati, miezi mitatu mfululizo, bila kukatiza.

## Vitu vya kuandaa

- Kitana cha chawa, kile chenye meno yaliyobanana.
- Tishu nyeupe, na bakuli la maji yenye sabuni ya vyombo.
- Mizani. Ya jikoni inafaa kwa mtoto wa paka. Kwa paka mkubwa, azima ile ya kuning'iniza wanayotumia wauza samaki.
- Kapu la sokoni, na kanga kuukuu au taulo.
- Glavu.
- Maji ya moto, sabuni ya kufulia, ufagio, ndoo.
- Kalenda ya ukutani au simu ya kukukumbusha tarehe.

Dawa yenyewe usinunue bado. Hiyo inakuja hatua ya 5.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni viroboto, na ujue ni wapi

Mchane paka kwa kitana kuanzia kwenye shina la mkia, kisha mgongoni, tumboni na chini ya kidevu. Kila ukivuta kitana, kigonge juu ya tishu iliyoloweshwa kidogo. Utaona chembe nyeusi. Zisubiri dakika moja. Chembe ikianza kutoa rangi ya wekundu wa kutu kwenye tishu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya paka wako iliyokwisha kumeng'enywa. Ikibaki nyeusi tu, ni uchafu wa kawaida.

Kiroboto mzima akinaswa kwenye kitana, mtumbukize kwenye maji ya sabuni. Usimbane kwa vidole, atakuruka.

Sasa angalia masikio. Ukikuta vidudu vyeusi vimejipanga kwenye ukingo wa sikio au kuzunguka macho, vimeng'ang'ania na havikimbii, hao ni viroboto wa kuku. Wapo wengi kwenye nyumba zetu ambazo kuku hulala jikoni au banda limeegemea ukuta. Matone yatamsaidia paka, lakini atawaokota upya kila siku mpaka banda la kuku litakaposhughulikiwa.

Mwisho, fungua mdomo wa paka utazame fizi. Fizi zinatakiwa ziwe za waridi. Zikiwa zimepauka, hasa kwa mtoto wa paka, viroboto wamemnyonya damu hadi amepungukiwa. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, mwongozo huu utasubiri.

Umefanikiwa ikiwa: una tishu yenye madoa mekundu, na unajua kama ni viroboto wa paka, wa kuku, au wote wawili.

## Hatua ya 2: Mpime uzito

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, nayo huharibu nyingine zote. Dawa za matone hupimwa kwa uzito, na mipaka yake ni ya karibu sana. Kuna dawa inayobadilisha kipimo kwenye kilo 2.5, nyingine kilo 2.8, nyingine kilo 4. Macho hayawezi kutofautisha paka wa kilo 3.8 na wa kilo 4.2.

Pima kapu tupu kwenye mizani ya kuning'iniza. Mweke paka ndani, mfunike kwa kanga, usubiri atulie ndipo upime tena. Toa uzito wa kapu na kanga. Andika.

Mizani ya kusimamia ya watu wazima hukosea gramu mia kadhaa, nayo haifai kwa kitoto cha kilo moja.

Andika pia umri wake kwa wiki, na kama ana mimba au ananyonyesha. Mambo haya matatu, yaani uzito, umri na mimba, ndiyo utakayokwenda nayo dukani.

## Hatua ya 3: Zijue zinazoua paka

Majina ya viambato nimeyaacha kama yanavyochapwa kwenye boksi, ili ukiwa dukani uyalinganishe herufi kwa herufi.

Permethrin. Hii ndiyo muuaji mkuu. Imo kwenye dawa nyingi za matone za mbwa, kwa mfano Advantix, tena kwa wingi: mara nyingi inakaribia nusu ya ujazo wote wa kichupa. Mbwa huimudu. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja haraka, kwa hiyo hulimbikizana mwilini na kushambulia mishipa ya fahamu. Matone machache ya dawa ya mbwa mkubwa yanatosha kumuua paka.

Dawa za josho na za kumiminia ng'ombe mgongoni. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa hizi ndizo rahisi kupata, maana kila duka la mifugo linazo kwa ajili ya kupe. Tafuta kwenye lebo majina cypermethrin, alphacypermethrin, deltamethrin, amitraz na chlorfenvinphos. Ukiona hata moja kati ya hayo, irudishe rafuni. Ushauri wa "punguza tu, weka tone moja" usiukubali: hakuna aliyepima tone hilo kwa paka.

Sindano ya ivermectin ya mifugo. Watu huiomba sana. Haiui viroboto ipasavyo, na kipimo chake kimetengenezwa kwa mnyama wa mamia ya kilo, hivyo kumzidishia paka ni jambo la kufumba na kufumbua.

Mafuta ya taa, oili chafu, mafuta ya karafuu, ya mkaratusi na ya mwarobaini. Paka hujilamba mwili mzima. Chochote unachompaka ngozini kitaingia tumboni. Mafuta ya taa huunguza ngozi, na akiyalamba yakaingia mapafuni ni hatari zaidi.

### Paka akiwa tayari amepakwa dawa mbaya

Dalili huanza ndani ya saa chache, wakati mwingine siku inayofuata: kutetemeka, masikio na ngozi kucheza-cheza, udenda, kuyumba, kisha degedege. Mwogeshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, msuuze, mkaushe na umfunike asipate baridi. Maji ya moto hapana, yanafungua ngozi na kuongeza sumu inayoingia. Usimnyweshe maziwa wala mafuta ya kula: hayaondoi sumu, na paka anayetetemeka atapaliwa. Mpeleke kwa daktari na boksi la dawa mkononi. Akiwahi, wengi hupona.

## Hatua ya 4: Linganisha viambato

Jina kubwa lililoandikwa mbele ya boksi ni la biashara. Kinachofanya kazi ni kiambato, na huandikwa kwa herufi ndogo, mara nyingi ubavuni au nyuma. Hivi hapa unavyoweza kukutana navyo.

### Fipronil

Iko kwenye Frontline na kwenye dawa nyingine nyingi za bei nafuu. Kichupa cha paka ni mililita 0.5, kimoja kwa paka yeyote aliyefikisha kilo 1 na wiki 8. Hukaa kwenye tezi za mafuta ya ngozi na kusambaa polepole mwilini. Huua viroboto ndani ya saa 24 na huendelea kwa takriban wiki 4. Huua na kupe pia, ingawa kwa muda mfupi zaidi.

Udhaifu wake ni kwamba haiui minyoo wala haizuii mayai kuanguliwa. Ndiyo maana ukipata yenye (S)-methoprene pamoja na fipronil, chukua hiyo hata kama bei imezidi kidogo. Methoprene huzuia mayai na mabuu kukua, na vita vyenyewe viko hapo.

Kama unafuga sungura, jihadhari. Fipronil inaweza kumuua sungura, na kichupa kilichobaki kisikaribie banda lao.

### Imidacloprid

Jina linalojulikana ni Advantage. Kipimo: mililita 0.4 kwa paka chini ya kilo 4, mililita 0.8 kuanzia kilo 4 kwenda juu. Umri ni kuanzia wiki 8. Inaua viroboto haraka, na mabaki yanayodondoka na magamba ya ngozi huua mabuu mahali paka anapolala. Hudumu hadi wiki 4.

Kupe haiwahusu. Paka wa ndani ya nyumba mjini hatakosa kitu. Paka anayeshinda kwenye zizi la ng'ombe kule Kisesa au Usagara, mtafutie nyingine.

### Imidacloprid na moxidectin

Advocate ni mojawapo. Kipimo ni kile kile cha mililita 0.4 au 0.8, na ya pili humfaa paka wa kilo 4 hadi 8. Umri ni kuanzia wiki 9. Faida yake ni kwamba moxidectin huongeza kinga dhidi ya minyoo ya mviringo na utitiri wa masikioni. Angalizo kubwa: ile ya mbwa ina moxidectin nyingi zaidi, 2.5% dhidi ya 1% ya paka. Hazibadilishani.

### Selamectin

Inauzwa kwa majina ya Revolution au Stronghold. Miligramu 15 ni kwa paka asiyezidi kilo 2.5, miligramu 45 kwa paka wa kilo 2.6 hadi 7.5. Tofauti na fipronil, hii hupenya ngozi na kuingia kwenye damu, ndiyo maana baada ya saa 2 hata akilowa mvua haipotei. Huua viroboto, huzuia mayai yasianguliwe, hutibu utitiri wa masikioni na huondoa baadhi ya minyoo ya tumboni.

Kwangu mimi hii ndiyo ya kwanza kwa paka mwenye mimba au anayenyonyesha. Imeruhusiwa kwao, na mama akiwekewa, viroboto hupungua hata kwa watoto walio kwenye chuchu. Kwa umri, maboksi mengine huruhusu kuanzia wiki 6 na mengine wiki 8, kwa hiyo fuata lako. Kwa kupe wa paka usiitegemee.

### Fluralaner

Bravecto ya matone ya paka. Huua viroboto na kupe, na kichupa kimoja hudumu wiki 12. Vipimo: miligramu 112.5 kwa kilo 1.2 hadi 2.8, miligramu 250 hadi kilo 6.25, miligramu 500 hadi kilo 12.5. Paka aliye chini ya kilo 1.2 haimhusu, na umri wa chini usome kwenye boksi. Paka aliyewahi kupata kifafa, zungumza na daktari kwanza, kwa sababu dawa za kundi hili zinaweza kuamsha degedege kwa baadhi ya wanyama.

### Kupiga hesabu ya bei

Usilinganishe bei ya boksi kwa boksi. Gawanya bei kwa idadi ya wiki za kinga. Tuseme kichupa cha fipronil ni shilingi 20,000 na hudumu wiki 4: ni shilingi 5,000 kwa wiki. Kichupa cha fluralaner cha shilingi 60,000 kinachodumu wiki 12 nacho ni shilingi 5,000 kwa wiki. Hapo bei ni ile ile, na cha wiki 12 kinakuondolea hatari ya kusahau mwezi wa pili, kosa linalorudisha viroboto kwa nyumba nyingi. Lakini kama pesa ya mara moja haipo, vichupa vitatu vya fipronil na methoprene, kimoja kila mwezi, vinafika mahali pale pale.

Ningechagua hivi: mama na watoto waliofikisha umri wa dawa, selamectin. Paka wa ndani asiye na kupe, imidacloprid au fipronil yenye methoprene. Paka wa mazizini na vichakani, au mwenye nyumba anayesafiri sana, fluralaner. Paka anayekuna masikio na ana minyoo, selamectin au imidacloprid na moxidectin.

Usichanganye mbili kwa wakati mmoja ukidhani utaongeza nguvu. Unachoongeza ni sumu.

## Hatua ya 5: Nunua

Matone ya paka hayapo kila duka la dawa za mifugo. Wauzaji wengi huweka mzigo wa ng'ombe, kuku na mbwa kwanza. Piga simu kabla ya kupanda daladala kutoka Buhongwa au Igoma kwenda mjini, au muulize daktari wa mifugo akuagizie. Ofisi ya mifugo ya kata yako, iwe wilaya ya Nyamagana au ya Ilemela, inaweza kukuelekeza kwa daktari aliyesajiliwa.

Mazungumzo ya dukani huenda hivi:

"Habari za kazi, kaka. Naomba dawa ya matone ya viroboto. Ya paka, kilo tatu na nusu."

"Ya paka imeisha, dada. Chukua hii ya mbwa, utampa nusu."

"Asante kaka, hiyo hapana. Nitasubiri ya paka."

Usione haya kuondoka mikono mitupu. Kuchelewa wiki moja huku ukimchana kila siku hakumuui paka.

Ukiipata, kagua haya kabla ya kutoa pesa: boksi limefungwa, lina picha au neno la paka, kiambato kimeandikwa, kiwango cha uzito kinalingana na ulichoandika, tarehe ya mwisho haijapita. Dawa za mifugo nchini husajiliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kwa hiyo muulize muuzaji kama yake imesajiliwa. Kichupa kinachouzwa kimoja kimoja bila boksi kiache. Hata dawa iliyovutwa kwenye bomba la sindano kutoka chupa kubwa iache, kwa sababu huna njia ya kujua ni nini.

## Hatua ya 6: Mdondoshee

Chagua jioni ambayo paka ametulia na amekula. Awe mkavu kabisa. Kama ulimwogesha, subiri siku 2, kwa sababu sabuni huondoa mafuta ya ngozi yanayoisambaza fipronil. Baada ya kumwekea, usimwogeshe tena kwa siku 2.

1. Vaa glavu. Mweke paka kwenye kanga mezani au mapajani, uso wake ukielekea mbali nawe. Mtu wa pili amshike mabega taratibu.

2. Simamisha kichupa wima, kigonge kidogo ili dawa ishuke, ndipo ukivunje au ukifungue kama boksi linavyoonyesha.

3. Tafuta mahali pa kuwekea: nyuma ya shingo, juu kabisa, pale kichwa kinapoungana na shingo. Wengi huweka chini mno, katikati ya mabega, na ulimi wa paka hupafikia.

4. Tenganisha manyoya kwa vidole viwili mpaka uone mstari mweupe wa ngozi. Kama huoni ngozi, hujafika. Hapa ndipo dawa nyingi za Mwanza nzima zinapopotelea: manyoya yanalowa, yanang'aa, mwenye paka anaridhika, na ngozi haijapata kitu.

5. Gusisha ncha ya kichupa kwenye ngozi, kamua polepole dawa yote. Usisugue.

6. Watenganishe paka wote wa nyumba mpaka pakauke, wasilambane. Watoto wasimguse eneo hilo, na usiku huo asilale nao kitandani.

Akilamba kidogo atatoa povu mdomoni na kutingisha kichwa. Ni uchungu wa dawa. Mpe maji, povu litaisha baada ya muda mfupi. Likiendelea, au akianza kutetemeka, soma tena hatua ya 3 na umwahishe kwa daktari.

Kichupa kitupu kifunge kwenye karatasi ukitupe kwenye takataka. Kisiende mtaroni. Fipronil na imidacloprid ni sumu kali kwa viumbe vidogo vya majini, na fipronil huua hata samaki. Mitaro yetu inaishia Mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani. Kwa sababu hiyo hiyo usimwogeshe ufukweni paka aliyewekewa dawa.

Umefanikiwa ikiwa: manyoya ya nyuma ya shingo yameshikana kwa siku moja au mbili, ngozi haina wekundu, na ndani ya saa 24 hadi 48 kitana kinatoa viroboto waliokufa au wanaojikokota. Usishtuke ukiwaona wengi zaidi juu ya manyoya saa za mwanzo. Wanapoanza kufa hupanda juu.

## Hatua ya 7: Geukia nyumba siku hiyo hiyo

Joto la Mwanza halina msimu wa kuwapumzisha viroboto. Kwenye joto na unyevu, yai linaweza kuwa kiroboto mzima ndani ya wiki 3 hadi 4. Mabuu hukimbia mwanga na ukavu, hula kinyesi cha viroboto wazima, na hujisokotea vifuko kwenye nyufa. Kifuko hakiuliwi na dawa yoyote unayoweza kununua. Aliye ndani anaweza kungoja miezi, kisha akatoka anapohisi mtikisiko na joto la mnyama. Ndiyo sababu ukifunga nyumba kwenda kijijini ukarudi, miguu yako hushambuliwa mlangoni.

Kila kitu anacholalia paka kifuliwe kwa maji ya moto, nyuzi 60 na zaidi, kisha kianikwe juani. Rudia kila wiki. Mkeka na zulia vitolewe nje, vikung'utwe, vikae juani mchana mzima. Godoro na mito ya kochi visimamishwe juani.

Fagia kila siku kwa wiki 2 za kwanza, kisha mara tatu kwa wiki. Zingatia chini ya kitanda, nyuma ya kabati, pembe za sakafu ya saruji na nyufa zake. Takataka hizo zichome au uzifunge kwenye mfuko uzitupe siku hiyo hiyo. Mwenye mashine ya kufyonza vumbi aitumie, mtikisiko wake huwatoa walio kwenye vifuko, na wakitoka dawa ya paka itawangoja.

Nje, shughulikia kivuli tu. Mchanga unaopigwa na jua kali hauwafai mabuu. Kwa nyumba za milimani, Mabatini, Igogo au mteremko wa Bugando, tazama mapango madogo kati ya mawe ambamo paka hujilaza mchana. Toa majani makavu na matambara, kisha paziba kwa mawe madogo asirudi humo.

Kama unaweka dagaa nyumbani, paka asilale juu ya viroba, na usipulize dawa ya wadudu kwenye chumba hicho. Kwingineko, dawa yenye methoprene au pyriproxyfen hufaa kwa sakafu kwa sababu huzuia mayai na mabuu. Dawa nyingi za kupuliza mbu zina jamaa za permethrin, kwa hiyo paka atoke, madirisha yafunguliwe, na arudi pakiwa pamekauka kabisa.

Wanyama wengine wote watibiwe siku moja. Mbwa apewe dawa ya mbwa, lakini kama ana paka mwenzake, chagua isiyo na permethrin. Kuku wahamishwe mbali na jikoni, takataka za banda zichomwe, matandiko yabadilishwe. Matone ya paka usiwawekee kuku hata kidogo: fipronil huingia kwenye mayai. Mwaka 2017 mamilioni ya mayai yaliondolewa madukani Ulaya kwa sababu hiyo.

## Watoto wa paka walio chini ya umri wa dawa

Chini ya wiki 6, hakuna matone. Wachane kwa kitana mara mbili kwa siku, ukichovya kitana kwenye maji ya sabuni. Wakiwa wamejaa sana, mwogeshe mmoja mmoja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini kidogo, ukianzia shingoni ili viroboto wasikimbilie usoni. Mkaushe kabisa kwa taulo na umrudishe kwa mama akiwa na joto. Kitoto kilicholowa hufa kwa baridi upesi. Mama apewe selamectin, na matandiko yabadilishwe kila siku.

## Hatua ya 8: Fuatilia kwa wiki 12

Andika kwenye kalenda tarehe ya leo na tarehe ya kurudia. Kila Jumapili fanya jaribio la tishu la hatua ya 1.

Wiki ya 1: viroboto wapungue sana. Wasipopungua kabisa, dawa haikufika kwenye ngozi, au kipimo kilikuwa kidogo, au si dawa halisi.

Wiki ya 3 hadi ya 6: hapa ndipo wengi hukata tamaa. Wanatokea wapya, wadogo, wembamba. Hao wametoka kwenye vifuko vya zamani na wanakuja kufia kwa paka. Usibadilishe dawa, usiongeze kabla ya tarehe. Endelea kufagia na kufua.

Wiki ya 8 hadi ya 12: tishu ibaki safi Jumapili kadhaa mfululizo, na watu wa nyumbani wasiumwe miguuni asubuhi.

Katikati ya muda huo angalia mkunduni na pale anapolala kama kuna vipande vyeupe vyenye ukubwa wa punje ya mchele. Hiyo ni minyoo ya tegu, na paka huipata kwa kumeza kiroboto anapojilamba. Hakuna kiambato kati ya vile vya hatua ya 4 kinachoiua. Omba dawa yenye praziquantel, kwa uzito ule ule ulioandika.

## Wiki 12 zikipita na bado wapo

Jiulize kwa mpangilio. Je, kuna mnyama aliyesahaulika, pamoja na yule paka wa jirani anayekula kwako jioni? Tarehe ya kurudia ilipita kwa siku ngapi? Uzito umeongezeka tangu ulipompima? Alilowa au alioshwa ndani ya siku 2? Jibu likiwa ndiyo kwenye lolote, rekebisha hapo, uendelee na dawa ile ile.

Yote yakiwa sawa, hapo sasa badilisha kiambato. Kutoka fipronil ya jina hili kwenda fipronil ya jina lile ni kununua kitu kile kile mara mbili.

Na kama kitana hakitoi kitu lakini paka ananyonyoka manyoya mgongoni, ana vipele shingoni na anajitafuna kwenye shina la mkia, huenda ngozi yake haivumilii mate ya kiroboto. Paka wa aina hiyo huumwa na mmoja tu akawashwa kwa siku nyingi. Mpeleke kwa daktari na kalenda yako, boksi la dawa na tishu ya Jumapili ya mwisho. Atahitaji dawa ya kutuliza muwasho, na matone kila mwezi bila kuacha, mwaka mzima.